Kuagana na Agano: Somo la Kufunga Mwaka



Mwezi wa Desemba ukiingia, njia zote ziendazo Kilimanjaro hujaa watu. Hutoka Dar es Salaam, Tanga, Mwanza, Dodoma, Nairobi, na hata ng'ambo ya bahari, nao huelekea Rombo, Marangu, Kibosho, Machame na Siha, kila mtu kwenye kihamba cha baba yake. Safari hii si ngeni. Gari la moshi lilifika Moshi kwanza mwaka 1911, na tangu siku zile vijana waliotoka kwenda kutafuta kazi walipata njia ya kurudi. Safari za abiria kwa reli zilipokoma, watu walipanda mabasi. Na gari la moshi la abiria liliporudi Moshi mwezi wa Desemba 2019, baada ya miaka zaidi ya 20, wengi walifurahi kwa kuwa lilirudi wakati uleule wa Sikukuu.

Wakifika nyumbani, twajua mambo yalivyo. Mbuzi huchinjwa, na kila kiungo kina mwenyewe, kwa maana nyama ya ukoo haigawiwi ovyo. Mtori hupikwa, na machalari. Makaburi ya wazee yaliyo ndani ya kihamba hufyekwa na kusafishwa. Watoto waliozaliwa mjini huonyeshwa mashangazi na wajomba ambao hawajapata kuwaona. Usharika ambao mwaka mzima ulikuwa na nafasi katika viti vyake hujaa hata watu husimama nje. Hizi ni baraka, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini somo letu la mwezi huu si juu ya kuja, ni juu ya kuondoka. Maana kuja twajiandaa kwa miezi mingi, bali kuondoka hatujiandai hata kwa saa moja. Siku ya pili au ya tatu ya Januari motokaa hupakiwa mikungu ya ndizi, watoto hupandishwa wakiwa bado na usingizi, dereva husema tumechelewa, mama mzee husimama mlangoni akifuta mikono kwa kanga yake, na mambo yote yaliyopasa kusemwa hubaki hayakusemwa. Wiki moja baadaye vihamba vimenyamaza. Wamebaki wazee, na pengine mjukuu mmoja aliyeachwa asome huko. Ndipo mzee huuliza moyoni mwake, je, watoto wangu walikuja kweli, au walipita tu?

Neno lenyewe latufundisha

Na tulitazame neno letu la Kiswahili. Mtu akiondoka peke yake akatoa habari, twasema ameaga. Watu wakifanya hivyo wao kwa wao, twasema wameagana. Lakini neno hilihili, kuagana, lina maana ya pili: kupatana, kufunga mapatano. Na kutoka katika neno hilo tumepata agano, lile neno ambalo Biblia yetu yote imegawanyika kwalo, Agano la Kale na Agano Jipya.

Wazee waliotupa lugha hii hawakuona mambo mawili hapo. Waliona moja. Watu wanaotengana hawana budi kuacha kati yao neno lililofungwa, ili umbali usiwatenge kabisa. Waliotengana bila neno kama hilo, hao wameachana tu.

Hata maneno mengine ya kutengana yana uzito. Tunaposema kwa heri, twamtakia mwenzetu kwamba aende katika mema, na mwenzetu hujibu, kwa heri ya kuonana, yaani amekwisha kuweka ahadi ndani ya jibu lake. Na buriani, lile neno la kuagana kwa mara ya mwisho, watu wa pwani hulitumia hasa kwa kutakana radhi: mtu humwomba mwenziwe amsamehe yote yaliyopita kati yao, asiondoke na deni la moyo.

Kuagana katika Maandiko

Maandiko Matakatifu yana habari nyingi za watu walioagana. Tutazame tatu.

Ya kwanza ni habari ya Yakobo na Labani, katika Mwanzo 31. Yakobo alikaa kwa mjomba wake miaka 20, naye aliondoka kwa siri, asimwambie. Labani akamfuata siku saba. Ni kweli Labani hakuwa mtu mwema kwake, lakini angalieni lalamiko lake moja lililokuwa la haki: ya kuwa hakupewa nafasi ya kuwabusu binti zake na wajukuu wake. Basi walikasirikiana, kila mtu akayatoa yaliyokuwa moyoni, hata ya miaka mingi. Ndipo wakakusanya mawe, wakafanya chungu kuwa shahidi, wakafunga agano, wakala chakula pamoja mlimani, wakalala. Asubuhi Labani akawabusu watoto, akawabariki, akaenda zake. Kuondoka ni kulekule kwa mara ya kwanza, lakini mara ya kwanza kulikuwa kutoroka, na mara ya pili kulikuwa kuagana.

Ya pili ni ya Mtume Paulo, katika Matendo 20. Alikaa Efeso miaka mitatu. Alipojua ya kuwa wazee wa Efeso hawatamwona tena, aliwaita Mileto. Hakuwaita kwa ajili ya machozi tu. Aliwapa hesabu ya kazi yake, akawaambia kwamba hakutamani mali ya mtu, akawaonya juu ya hatari zijazo, akawaweka katika mikono ya Mungu. Baada ya hayo wakapiga magoti, wakaomba, wakalia, wakamsindikiza hata merikebuni. Machozi yalikuja mwisho, baada ya maneno kutimia.

Ya tatu ndiyo kubwa. Pasaka ya Waisraeli ilikuwa sikukuu ya jamaa, iliyoliwa nyumba kwa nyumba, kama tusomavyo katika Kutoka 12. Katika meza ya sikukuu ile, usiku ule ambao alikuwa akiagana na wanafunzi wake, Bwana Yesu alikitwaa kikombe akakiita agano jipya. Ndugu zangu, Agano ambalo kwalo sisi sote tunaishi lilifungwa katika chakula cha kuagana. Basi nani atasema ya kuwa kuagana ni jambo dogo?

Mambo matano ya kuagana

Sasa twawapa mambo matano, yapate kutendeka katika nyumba zetu kabla motokaa haijawashwa.

1. Tengeni jioni moja. Kuagana mlangoni si kuagana. Chagueni jioni kati ya Sikukuu ya Kuzaliwa na Mwaka Mpya, ambapo jamaa wote wapo, wakubwa kwa wadogo, na isiwe jioni ya mbege nyingi. Pombe ya ndizi na ulezi ina desturi yake kale katika nchi yetu, lakini twajua sote ya kuwa maneno yaliyofungwa na kikombe hufunguliwa asubuhi. Agano lataka kichwa kitulivu.

2. Takaneni radhi. Katika Uchagga kuna mmea uitwao isale. Hupandwa mipakani mwa vihamba na penye makaburi, na mtu aliyemkosea mwenziwe huchukua jani lake akamwendea kuomba msamaha. Ni vigumu sana kwa aliyekosewa kulikataa jani lile. Mmisionari Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefika Uchagga mwaka 1902 na kuandika kitabu kikubwa cha sheria za Wachagga mwaka 1926, alifundisha ya kuwa ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe amewafunga watu kwavyo, wala Injili haikuja kuvikata. Nasi twasema hivyo juu ya isale. Jani haliwezi kumwondolea mtu dhambi. Damu ya Kristo ndiyo iondoayo. Lakini desturi inayomfanya mtu mwenye kiburi ainuke, atembee hata nyumba ya ndugu yake, asimame mbele yake na mikono iliyo tayari kuomba, hiyo yapatana na neno la Bwana katika Mathayo 5, ya kuwa sadaka na ingoje madhabahuni mpaka umepatana na ndugu yako. Wako ndugu wa tumbo moja ambao hula nyama ya mbuzi mmoja kila Desemba na hawajasemezana kwa miaka kumi. Hao wamekaa pamoja, lakini hawajakutana.

3. Semeni wazi habari za wazee. Bwana wetu alipokuwa msalabani, katika uchungu ule, hakusahau kumweka mama yake katika mikono ya mwanafunzi aliyempenda. Hakusema kwamba mtu fulani atamwangalia. Alimtaja mmoja, naye tangu saa ile akamchukua nyumbani kwake. Mara nyingi jamaa zetu husema, sisi sote tutamtunza mama, na kwa sababu ni wote, hakuna hata mmoja. Tajeni majina. Nani atanunua dawa za baba kila mwezi? Nani atampeleka hospitali siku ya kupimwa? Nani atapiga simu Jumapili jioni? Nani atakuja Pasaka? Nani atamlipa yule kijana akataye majani ya ng'ombe? Andikeni katika karatasi, kila mmoja akiwa na nakala yake. Ahadi ni deni, na deni lililoandikwa halisahauliki upesi.

Wala msimsahau ndugu yule aliyebaki nyumbani, ambaye ndiye aamkaye usiku mama akikohoa. Mara nyingi wale waliotoka mjini huja na maneno mengi ya kuamuru, na yeye aliyebeba mzigo mwaka mzima huketi kimya nyuma. Mwacheni aseme kwanza.

4. Malizeni habari za kihamba mzee angali hai. Yakobo na Labani waliweka chungu cha mawe, mmoja asimvukie mwenzake kwa ubaya. Wazee wetu walipanda masale kwa kusudi hilohilo. Lakini masale hung'olewa usiku, na mawe husogezwa. Baba akiwa na nguvu na akili timamu, na aseme mbele ya watoto wote na mashahidi ni nini mapenzi yake, na wosia wake uandikwe kwa taratibu ya sheria. Kesi nyingi zinazovunja jamaa zisingalizaliwa kama jioni moja tu ingalitengwa kwa maneno haya.

Na hapa twawakumbusha ndugu wanaume jambo moja. Binti pia ni mtoto. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema waziwazi ya kuwa mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Na kabla ya sheria hiyo, katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao, naye Mungu akasema kwamba wamenena haki. Basi jioni ya maagano binti asitumwe jikoni wakati habari za ardhi zinaposemwa.

5. Wabarikini watoto, na wahesabuni. Babu na bibi na wamwekee mikono kila mjukuu, wamtaje kwa jina lake, wamwombee. Haihitaji maneno marefu. Mtoto wa mjini huenda asijue Kichagga cha bibi yake, lakini mkono juu ya kichwa huelewa. Tena, katika safari, kumbukeni Luka 2. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kila mwaka, nao walijua desturi vizuri. Lakini katika kurudi, kila mmoja alidhani mtoto yumo katika msafara, wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kumtafuta kati ya jamaa. Haikuwa katika kwenda, ilikuwa katika kurudi. Watu wakiisha kuchoka na sikukuu, ndipo macho yao hulegea. Basi dereva alale kabla ya safari, asishindane na wenziwe barabarani, na watoto waangaliwe. Kufika salama nako ni sehemu ya kutimiza agano.

Wasiorudi

Hatuwezi kusema juu ya wanaorudi bila kuwataja wasiorudi. Wako wauguzi, askari, walinzi na madereva ambao kazi yao ndiyo inayowawezesha wengine kusherehekea. Hao wapigiwe simu jioni ile ya jamaa, wasikie sauti zote na kuulizwa neno lao. Wasiletewe habari ya maamuzi baadaye kama wageni.

Wako na wengine ambao hawarudi kwa aibu. Waliondoka wakisema watapata, hawakupata. Huogopa maswali ya majirani: umejenga? umeoa? gari lako li wapi? Hivyo mwaka hupita, na mwingine, mpaka hurudi katika jeneza, na jamaa ambao hawakumchangia nauli humchangia mazishi. Enyi wazazi, pelekeni neno mapema, mwezi wa Oktoba au Novemba: njoo mikono mitupu. Enyi majirani, acheni kuuliza watu wamerudi na nini. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 asingalifika mlangoni kama angalijua kwamba baba yake amesimama akitazama mikono yake.

Na ziko nyumba ambazo mwaka huu zina kiti kitupu. Msijifanye kwamba hamkioni. Mtajeni aliyekufa, simulieni habari zake, nendeni kaburini pamoja na watoto mkaombe. Hao wanaolia nao wana haki ya kuketi katika sikukuu.

Mkesha wa mwaka

Mwisho twafika usiku wa tarehe 31. Ndugu zetu wa Kanisa la Moravian, ambao misioni yao ilianza kazi kusini mwa nchi yetu mwaka 1891, wana desturi ya zamani iliyotoka Herrnhut katika Ujerumani. Katika kufunga mwaka husomwa mbele ya usharika habari za mwaka mzima: waliozaliwa, waliofunga ndoa, waliolala, mambo yaliyoupata usharika, ya furaha na ya huzuni. Twaona ni desturi njema, nayo yaweza kufanywa hata katika nyumba moja. Mtu mmoja na aandike mambo makuu ya jamaa katika mwaka, ayasome saa chache kabla ya kwenda kanisani. Hivyo hamtauaga mwaka kama mtu anayetoroka usiku. Mtatoa hesabu, kama Paulo kule Mileto, na kuyaweka yote katika mikono ya Mungu.

Maana agano letu sisi kwa sisi ni dhaifu. Twaahidi kurudi Pasaka, tusirudi. Twaahidi dawa, twasahau. Mwingine tutakayemwaga Januari hatutamkuta Desemba. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Nasi twajua ya kuwa hata binadamu hawakutani sikuzote hapa duniani. Lakini liko Agano moja lisilotegemea kumbukumbu zetu wala nauli zetu, na kwa hilo Mkristo aweza kusema kwa heri ya kuonana hata penye kaburi.

Maswali kwa walimu na jamaa

1. Yakobo aliondoka mara mbili katika Mwanzo 31. Tofauti ya kuondoka huku kuwili ni nini?
2. Katika jamaa yako, ni nani asiyesemezana na nani? Nani aweza kwenda kwanza?
3. Andika majina ya wazee walio peke yao katika mtaa wenu mwezi wa Januari. Usharika utawatembelea lini, na nani atakwenda?
4. Je, yuko mtu wa kwenu ambaye hajarudi nyumbani kwa miaka mingi? Ni nani atakayempelekea neno, na litakuwa neno gani?
5. Ni ahadi gani ya mwaka uliopita ambayo haijatimizwa katika nyumba yako?

Walimu na wayatumie maswali haya katika Jumapili za Majilio, kabla wageni hawajafika, ili jamaa wawe tayari.

Nasi pia twawaaga, ndugu wasomaji, katika kuufunga mwaka huu. Kama tuliwakwaza kwa neno lolote, twaomba radhi. Mungu awafikishe nyumbani, awakutanishe kwa amani, awarudishe salama kwenye kazi zenu. Kwa herini ya kuonana.